Sura ya Tano: Viatu vya Kazi na Miguu Inayovivaa

Saa moja kasorobo asubuhi, barabara itokayo Lurambi kuingia Kakamega mjini hujaa watu wa kazi. Wamo walimu, makarani wa kaunti, wauguzi wa zamu ya mchana na wasichana wa madukani, na upande wa pili wanapita wanaoelekea Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ukiwatazama kuanzia juu utaona suti zilizopigwa pasi, vitenge vilivyoshonwa vikakaa, tai zilizofungwa vizuri. Ukiteremsha macho utaona sapatu na raba za mazoezi. Viatu vyenyewe vya kazi vimo mkobani. Vitatolewa langoni, vivaliwe nyuma ya kibanda cha soja, na saa za kazi zikiisha vitarudi mkobani kabla mwenye navyo hajavuka barabara.

Wanaofanya hivyo wana sababu. Kakamega ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini Kenya, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua yetu hupenda kunyesha alasiri, tena kwa radi. Njia za kando zikilowa, tope hung'ang'ania soli. Lakini hata siku za jua kali mkoba haukosi viatu, kwa kuwa tope si sababu pekee. Wengi huvivua kwa sababu vinauma. Sasa kiatu kisichoweza kumbeba mtu kutoka nyumbani hadi ofisini, kitambebaje saa nane akiwa amesimama?

Sura hii inahusu kiatu hicho cha mkobani, na jambo ninaloshikilia ni moja: unadhifu wa kazini unatokana na hali ya kiatu, wala hautokani na urefu wa kisigino au uchongoko wa ncha. Kiatu safi, kilichopakwa rangi, ambacho soli yake haijalika upande na kamba zake hazijachanika, ni kiatu nadhifu hata kama ni bapa na kina ncha pana. Kiatu cha mchuchumio kilichoparuzika, anayekivaa akitembea kwa kuchechemea, hakimpi heshima yoyote.

Jambo hili tunalijua tangu utotoni. Bata, yenye kiwanda chake Limuru, imewauzia wanafunzi wa Kenya viatu vya Toughees kwa miaka na miaka: vyeusi, vyenye nafasi ya vidole na soli nene. Shule zetu zinavihesabu kuwa viatu rasmi. Tunamlea mtoto wa kike tukimwambia kuwa kiatu rasmi ni cheusi, kimefunika mguu na kimepakwa rangi asubuhi. Akimaliza masomo na kuajiriwa kwenye meza ya mapokezi, tunamgeuzia maneno: sasa kiatu rasmi ni kile kinachomfanya asimame kwa ncha za vidole. Kaka yake aliyeajiriwa siku hiyo hiyo anaendelea na viatu vyeusi vya kamba, na hakuna anayemuuliza neno.

Tuutazame mguu wenyewe. Kuanzia kifundo kwenda chini, mguu mmoja una mifupa 26, iliyopangwa ikafanya upinde. Chini ya upinde huo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye mizizi ya vidole, na utando huo ndio unaouzuia upinde usilale kila unapokanyaga. Mtu akisimama bapa, kisigino hubeba sehemu kubwa ya uzito wake. Ukikiinua kisigino, uzito husogea mbele, na kadiri kinavyoinuka ndivyo mzigo unavyohamia kwenye ile sehemu nyembamba iliyo nyuma ya vidole. Kiatu kikiwa pia na ncha iliyochongoka, kidole gumba husukumwa kuwaelekea wenzake, na baada ya miaka kiungo chake hutokeza pembeni, kikawa chekundu na chenye maumivu. Wapo waliozaliwa na mwelekeo huo, na viatu vya kubana huuzidisha.

Misuli nayo hubadilika. Anayevaa visigino virefu kila siku kwa miaka hufupisha misuli ya tafu, lile shavu la nyuma ya mguu, na kano inayoiunganisha na kisigino hukakamaa. Ndiyo maana baadhi ya wanawake husema kwamba viatu bapa vinawaumiza zaidi. Hawasemi uongo. Misuli yao imezoea kuwa mifupi, na kiatu bapa kinaivuta ghafla. Aliye katika hali hiyo ateremke polepole: kisigino cha sentimita saba kiwe cha tano, kisha cha tatu, huku akiinyoosha misuli hiyo kila jioni kwa kuegemea ukuta, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisigino cha nyuma kikiwa kimegusa sakafu.

Wala nisieleweke kuwa nasifu kila kiatu bapa. Vile viatu vya kike vya soli nyembamba vinavyouzwa rundo kando ya soko, vya kuchomeka mguu tu, haviinui kisigino wala havishikilii upinde. Kila jiwe unalisikia. Kwa kuwa havina kamba wala mkanda, vidole vinalazimika kukunjamana siku nzima kuving'ang'ania visivuke. Avivaaye mwaka mzima akiwa amesimama kwenye sakafu ya simiti anaweza kuja kupata maumivu ya kisigino ambayo wengi wetu tunayajua bila kuyajulia chanzo: unaamka, unakanyaga sakafu, kisigino kinachoma kana kwamba kimechomwa msumari. Ukitembea hatua kadhaa yanapungua. Ukikaa mkutanoni saa mbili kisha ukasimama, yanarudi. Huo ni ule utando wa chini ya wayo ukilalamika. Habari njema ni kwamba wengi hupona bila kupasuliwa, ingawa inaweza kuchukua miezi mingi, kwa kunyoosha misuli, kubingirisha wayo juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa, kuacha kutembea pekupeku kwenye sakafu ngumu, na kuvaa kiatu chenye mto na kinachoinua upinde.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayetunga kanuni ya mavazi mara nyingi ni mtu anayekaa kitini. Anayeitii ni sista anayezunguka wodi kutoka kitanda hadi kitanda, mwalimu anayesimama mbele ya ubao kipindi baada ya kipindi, mhudumu wa hoteli, na msichana wa kaunta ya supamaketi ambaye hakuwekewa hata stuli. Yupo pia soja wa langoni, ambaye watu humsahau wakizungumza habari za viatu vya ofisi. Yeye hupewa buti, na mara nyingi buti hizo si za kipimo chake. Buti kubwa huteleza na kuchubua kisigino, buti ndogo huua kucha. Naye anatakiwa asimame wima tangu magari ya wakubwa yanapoingia hadi yanapotoka.

Wapo pia wale ambao kwao kiatu ni suala la kuupoteza au kuuokoa mguu. Kisukari kikikaa mwilini kwa muda mrefu huweza kuua hisia za miguu. Kiatu kinachubua na mwenyewe hana habari, kidonda kinaingia usaha, na anakuja kugundua kwa harufu. Kama una kisukari, usinunue kiatu kwa kutegemea unavyokisikia mguuni. Ingiza mkono ndani ya viatu kila asubuhi upapase kama kuna jiwe au mshono uliochomoza, kagua nyayo zako kila usiku, na uwaonyeshe watu wa kliniki viatu unavyokwenda navyo kazini. Mwajiri anayemlazimisha mfanyakazi wa aina hiyo kuvaa kiatu cha kubana anacheza na mguu wa mtu.

Hofu ya wengi ni kwamba wakiacha visigino wataonekana wameshuka hadhi. Hofu hiyo haina msingi katika mila zetu. Huko pwani, Lamu na Mombasa, mwanamume anayekwenda kwenye nikaha au sala ya Idi huvaa kanzu, kofia ya viua na makubadhi ya ngozi. Makubadhi ni bapa kabisa, na hakuna mavazi ya heshima zaidi ya hayo. Vazi la kanzu lilifika hadi huku kwetu katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilipopiga kambi Mumias, makao ya Nabongo Mumia, ambako leo ni ndani ya Kaunti ya Kakamega. Heshima ya vazi hilo ilikuwa katika weupe wake na jinsi lilivyotunzwa.

Hata kisigino kirefu chenyewe hakikuanza kwa wanawake wa ofisini. Wapanda farasi wa Uajemi walikivaa ili mguu ushike vizuri kwenye kikuku cha farasi. Baadaye wanaume wakubwa wa Ulaya wakakipenda, na Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alivaa visigino vyekundu. Mtindo ukageuka, wanaume wakaviacha, wanawake wakabaki navyo.

Chukua sasa kanuni kali kuliko zote tulizozisikia hivi karibuni. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, mwenyeji wa Bungoma, majirani zetu, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Nchi nzima ilijadili kola na tai. Lakini orodha aliyoitoa kwa wanaume ilisema koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Viatu, basi. Kwa wanawake alizungumzia urefu wa sketi na mikono ya blauzi; kisigino hakukitaja. Ikiwa Bunge linaridhika na kiatu bapa, ofisi ya chama cha akiba na mikopo hapa Kakamega inadai nini zaidi?

Kwingineko watu wamelipigania jambo hili waziwazi. Desemba 2015, Nicola Thorp alifika kwenye kazi ya mapokezi katika kampuni moja kubwa mjini London akiwa na viatu bapa. Aliambiwa avae visigino vya inchi mbili hadi nne. Alipokataa, alirudishwa nyumbani bila malipo. Ombi lake kwa Bunge la Uingereza lilitiwa saini na watu zaidi ya 150,000, na wabunge wakalijadili Machi 2017. Serikali ilisema sheria zilizopo zinatosha, lakini tayari kampuni iliyokuwa imemwajiri ilikuwa imeibadilisha kanuni yake. Mwaka huo huo jimbo la British Columbia nchini Kanada lilizuia waajiri kuwalazimisha wanawake kuvaa visigino, na Ufilipino ikafanya hivyo, tena ikaongeza jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi: wanaofanya kazi wakiwa wamesimama wapewe muda wa kupumzisha miguu na mahali pa kukaa.

Basi tuingie sokoni. Nenda kununua viatu jioni, baada ya kazi, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokutosha saa tatu asubuhi kitakubana saa tisa. Vaa soksi utakazovaa kazini. Jaribu miguu yote miwili ukiwa umesimama, maana aghalabu mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, na ni huo mkubwa unaostahili kusikilizwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Usikubali kuambiwa kuwa kitatanuka kikizoea. Ngozi hutanuka kidogo upande, ncha haiongezeki urefu. Na mama aliyejifungua karibuni asishangae viatu vyake vya zamani vikimkataa: mguu unaweza kupanuka na kurefuka wakati wa ujauzito, na mara nyingine haurudi ulivyokuwa.

Kisha kijaribu kiatu chenyewe kwa mikono. Kikunje: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, chini ya upinde, kirudishe. Kisokote kama unayekamua nguo. Kikisokoteka chote, hakitakushikilia. Bonyeza ukuta wa nyuma, unaokumbatia kisigino, uwe mgumu. Kisigino cha sentimita mbili au tatu, kipana, kinawafaa wengi. Na mwanamke asiogope kiatu cha kamba au cha mkanda unaopita juu ya mguu, kwa kuwa kikifungwa vizuri vidole hupumzika.

Mitumba inahitaji jicho kali zaidi. Hapo unaweza kupata ngozi halisi na soli nzuri kwa bei ambayo dukani isingekununulia hata sandali. Lakini kiatu kilichovaliwa kimekwisha kulifuata umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kiweke juu ya kitu bapa, ukitazame kutoka nyuma: kama kisigino kimelika upande mmoja kikainama, kitakuinamisha nawe. Toa soli ya ndani uone kama kuna shimo lililochimbwa na kisigino cha mtu. Halafu bonyeza soli ya chini kwa ukucha. Soli nyingi nyepesi za kisasa ni za poliyurethani, na poliyurethani huozeshwa polepole na unyevu wa hewani, hata kiatu kikiwa kimekaa ndani ya boksi. Kwa nje kinang'aa, lakini ndani ya wiki soli inamong'onyoka vipande vipande barabarani. Ukucha ukizama na kuacha alama isiyorudi, au ukiona unga, mrudishie muuzaji hata akikupunguzia bei nusu.

Ukishapata kiatu chenye umbo zuri, mpelekee fundi viatu kabla hujakivaa siku hata moja. Fundi wetu wa kando ya barabara, mwenye stuli yake fupi, mkebe wa gundi, shazia na uzi wa nailoni, anaweza kukifanyia mambo matatu. Anaishona soli kuzunguka ukingo wote, kwa maana gundi peke yake haihimili mvua ya Kakamega. Anabandika kipande cha mpira wa tairi kwenye kisigino pale kinapolika kwanza. Na ukimweleza vizuri, atakukatia soli ya ndani kutoka kwenye mpira laini wa sapatu kuukuu: anaupima juu ya wayo wako, anaacha unene chini ya upinde, kisha anaupunguza kwa kisu ukingo kwa ukingo hadi uishe bila ngazi yoyote, na kuufunika kwa ngozi nyembamba. Mwambie akuachie uutembelee kidogo pale pale. Ukisikia uvimbe mahali, anyoe tena. Haya ni kwa mtu mzima wa afya aliyechoka miguu. Mwenye kisukari, mwenye ganzi au mwenye maumivu yasiyoisha aanzie hospitali, kwenye idara ya fiziotherapia.

Raba nyeusi nazo zina nafasi. Raba ya ngozi, nyeusi mpaka soli, isiyo na mistari wala maandishi, ikipakwa rangi na kuvaliwa na suruali nyeusi, haimshtui mtu yeyote. Siri iko kwa fundi cherehani. Ukishuka kutoka kisigino cha sentimita saba hadi cha mbili, suruali yako yote imekuwa ndefu kwa sentimita tano: itaburuta topeni na kujikunja juu ya kiatu, na hapo ndipo watu husema viatu bapa havipendezi. Kosa si la kiatu. Nenda kwa fundi ukiwa umevaa viatu utakavyofanyia kazi, akupindie pindo kwa kipimo hicho. Sketi na gauni la kitenge vivyo hivyo. Soksi au soksi ndefu za rangi moja na kiatu huurefusha mguu machoni mwa mtazamaji kuliko watu wanavyodhani.

Na uwe na jozi mbili, hata kama ya pili ni duni. Kiatu kilicholowa alasiri hakikauki kufikia alfajiri, na ukikivaa kingali na unyevu kinaoza mshono na kukunukisha miguu. Kijaze karatasi za gazeti, ukiweke penye hewa, mbali na jiko. Moto hukausha ngozi ikapasuka, na mpasuko hauzibwi na rangi.

Nimesema mengi kwa mvaaji. Yaliyobaki ni ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri nchini Kenya awawekee wafanyakazi wanaofanya kazi wakiwa wamesimama mahali pafaapo pa kukaa, ili wajipumzishe kila nafasi inapotokea. Kaunta nyingi nilizozipita mjini hazina mahali pa namna hiyo, na wafanyakazi wengi hawajui kuwa ni haki yao.

Wewe mwenye duka, meneja wa benki, mwalimu mkuu au mkuu wa idara ya kaunti, itoe ile karatasi ya kanuni za mavazi uisome upya. Palipoandikwa visigino, futa, uandike kiatu safi, kilichofunika vidole na kisichoteleza. Waruhusu watu wako waje kazini na viatu watakavyofanyia kazi. Soja mpimie mguu kabla ya kumnunulia buti. Halafu nunua stuli moja, uiweke nyuma ya kaunta, na umwambie msichana anayesimama hapo kwamba pasipo na mteja, akae.